Usukani wa Gemu: Uuchague kwa Mguu Kabla ya Mkono

Ndugu msomaji, michezo ya kompyuta imekwisha kuingia majumbani mwetu, tupende tusipende. Kijana aliyekuwa akimaliza sarafu zake katika kibanda cha gemu karibu na stendi, leo anacheza nyumbani, kwenye kompyuta ile ile ambayo dada yake huandikia kazi za chuo. Na miongoni mwa michezo hiyo yote, hapana unaowashika vijana, na kusema kweli hata baba zao, kama ule wa mashindano ya magari. Mwanzoni mchezaji huendesha kwa vidole juu ya vitufe. Baada ya majuma machache vitufe humchosha, naye huja na ombi ambalo wazazi wengi hawakulitazamia: ati anunuliwe usukani.

Ombi hilo limefika nyumbani kwetu hapa Akheri, likiletwa na kijana wetu wa mwisho aliyemaliza kidato cha nne na ambaye anangoja kutimiza miaka 18 ili ajifunze udereva. Nimeona vyema niwaeleze wasomaji jinsi tulivyolipima, kwani sina shaka kwamba litabisha hodi katika nyumba nyingine za wafanyakazi, na ushauri mwingi unaotolewa juu ya jambo hili umeandikwa na watu wasiohesabu shilingi.

Kwa faida ya wale ambao hawajauona, usukani huu ni duara la kushika kwa mikono miwili, lililofungwa juu ya sanduku dogo ambalo hubanwa ukingoni mwa meza. Chini sakafuni huwekwa kibao chenye pedali mbili au tatu. Waya mmoja hutoka kwenye pedali kwenda kwenye usukani, na mwingine hutoka kwenye usukani kwenda kwenye kompyuta. Ukigeuza duara, gari la kwenye kioo hugeuka. Ukikanyaga, hukimbia au husimama.

Bei ndiyo inayotisha. Usukani unaojulikana sana duniani, Logitech G29, ulipotolewa mwaka 2015 uliuzwa kwa dola 399.99 za Marekani. Thrustmaster T150, uliotolewa mwaka huo huo kwa ajili ya watu wa kipato cha kadiri, uliuzwa kwa dola 199.99. Ukiihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ule wa kwanza ni shilingi milioni moja, na wa pili ni nusu milioni, kabla ya gharama za kuusafirisha na ushuru. Sasa linganisha na mfuko wetu. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Maana yake ni kwamba usukani ule unaoitwa wa kadiri ni mshahara mzima wa mwezi wa mtumishi huyo, na ule wa kwanza ni miezi miwili bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

“Baba watoto,” mke wangu akaniambia baada ya kuzisikia hesabu hizo, “mimi sikatai mtoto kucheza. Nakataa kushinda njaa kwa ajili ya gari lisiloweza kubeba hata mkungu mmoja wa ndizi.”

Kijana alikuwa amejiandaa. Alitueleza habari za Jann Mardenborough, Mwingereza aliyeshinda mashindano ya GT Academy mwaka 2011 kwa kucheza gemu, akafundishwa, akawa dereva wa kweli wa magari ya mashindano, hata filamu ya maisha yake ikatolewa mwaka 2023. Habari hizo ni za kweli. Lakini zina ukurasa mwingine, nami niliona ni haki ausikie. Mwezi Machi 2015, katika uwanja wa Nürburgring huko Ujerumani, gari la dereva huyo huyo liliinuka hewani likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akapoteza maisha. Simlaumu mtu kwa ajali ile. Nasema tu kwamba siku ile hapakuwa na kitufe cha kuanza upya.

Hapo ndipo mama yake alipotamka jambo lililokuwa likimsumbua zaidi ya fedha. “Katika gemu lenu,” alisema, “gari likipinduka linajiinua lenyewe. Mtoto akizoea hivyo, siku akishika gari la watu itakuwaje?” Hakuna aliyemjibu mara moja. Sisi wa Arusha hatujaisahau tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi lilipotumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, tukapoteza watoto 32, walimu wao wawili na dereva. Mzazi wa mkoa huu akisikia neno usukani, hafikirii mchezo kwanza.

Basi tulikaa tukaafikiana mambo mawili. Kwanza, fedha isizidi shilingi 200,000, na nusu yake kijana aitafute mwenyewe kwa kuku wake wa mayai. Pili, katika nyumba yetu gari likigonga au likipinduka, anayeliendesha anaondoka kitini na kumpisha mwingine, bila mjadala. Sharti la pili lilitungwa na mama. Wakati ule sikujua kwamba ndilo litakalotufundisha jinsi ya kuuchagua usukani wenyewe.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu mtu aingiapo dukani huvutwa na duara: lina ngozi au halina, lina taa ngapi, lina nembo gani katikati. Pedali hazitazami kabisa. Lakini anayejua kwamba akigonga atanyanyuliwa kitini, mara hutambua kuwa kinachomwokoa katika kona si mkono peke yake, bali ni mguu uliokanyaga breki mapema na kwa kiasi. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako, ndugu msomaji, ni huu: unapokuwa na fedha kidogo, uuchague usukani kwa mguu kabla ya mkono.

Katika gari la kweli, breki hujibu nguvu ya mguu. Kadiri unavyokaza, ndivyo gari linavyosimama. Pedali za bei nafuu hazipimi nguvu hiyo; hupima tu umbali ambao kibati kimeshuka, na chini yake mna springi laini. Matokeo yake ni kwamba mchezaji hukanyaga yote au hakanyagi, na gari huteleza moja kwa moja porini. Pedali za bei kubwa hupima uzito wa mguu wenyewe, kama mizani, lakini hizo si za mfuko wetu. Kwa hiyo tafuta pedali zenye kibao kipana na kizito kisichokimbia sakafuni, na breki iliyo ngumu kuliko pedali ya mafuta. Ukikuta breki ni laini, usikate tamaa. Fundi viatu anayeshona katambuga atakukatia kipande cha mpira wa tairi; ukikiweka nyuma ya pedali, mahali ambapo hakitabana waya, breki itakaza kadiri inavyoshuka. Kazi hiyo tuliifanya, na gharama yake haikufikia nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Lipo na jambo la vumbi. Pedali nyingi za bei nafuu zina ndani yake kijidude cha kupimia ambacho ni ndugu wa kile kinachoongeza na kupunguza sauti ya redio. Wote tunajua redio ikizeeka sauti yake hukwaruza unapozungusha kitufe. Pedali nazo ni hivyo hivyo: vumbi likiingia, gari husita au hufunga breki lenyewe pasipo mtu kukanyaga. Vifaa vinavyopima kwa sumaku havisuguani, kwa hiyo hudumu zaidi. Ukikuta usukani wa namna hiyo kwa bei unayoimudu, uchukue huo. Ukiukosa, zifunike pedali kwa kitambaa kila mchezo unapokwisha, kama akina mama walivyokuwa wakizifunika cherehani zao.

Jambo la pili ni kujua kama usukani unakurudishia nguvu au la. Sukani ziko za namna tatu hivi. Wa kwanza hurudishwa katikati na springi au ugwe wa mpira. Huo hauna habari yoyote ya kukupa. Wa pili hutetemeka tu, kama simu iliyozimwa sauti. Wa tatu una mota inayopokea hesabu kutoka kwenye gemu. Gari likiingia kwenye kokoto, duara hupiga mikononi. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko, duara huwa jepesi ghafla, nawe hutambua kwamba umekwenda kasi mno. Sauti haiwezi kukufundisha hilo, wala picha. Katika namna hiyo ya tatu, mota za sukani nafuu huzungusha duara kwa meno ya gia, nazo hulia kidogo. Za bei ya kati hutumia mkanda, na za bei kubwa mota imeshikana na duara moja kwa moja. Kwa familia, gia zinatosha. Hata ile G29 niliyoitaja ni ya gia.

Kama fedha yako haifikii usukani mpya wenye mota, nathubutu kusema kwamba wa mtumba wenye mota ni bora kuliko mpya wenye springi, ilimradi uukague. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi tuliviona vingi vinavyojitembeza katika maduka ya mjini, vimejaa taa nyekundu na buluu, lakini ukiligeuza duara ni kama kuzungusha kifuniko cha sufuria.

Jambo la tatu ni kiasi cha mzunguko. Usukani wa gari la kawaida huzunguka kiasi cha mara mbili na nusu hadi mara tatu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, yaani nyuzi 900 hadi 1,080. G29 huzunguka nyuzi 900, na T150 nyuzi 1,080. Lakini sukani nyingi za bei ya chini hukomea nyuzi 180 au 270. Huo unafaa kwa mtoto mdogo anayetaka kufurahi, ila gari huruka kushoto na kulia kwa mguso mdogo tu, na kijana anayekusudia kuja kuwa dereva hujifunza tabia ambayo mwalimu wa udereva atapata taabu kuiondoa.

Jambo la nne, uulize usukani ni wa mashine gani. Hapo wengi hupoteza fedha. G29 ilitengenezwa kwa PlayStation na kompyuta. Ndugu yake G920 ni wa Xbox na kompyuta. Vivyo hivyo T150 ni wa PlayStation, na mwenzake TMX ni wa Xbox, na wote wawili hufanya kazi kwenye kompyuta. Ukinunua wa Xbox ukidhani utautumia kwenye PlayStation ya jirani, umenunua pambo la ukutani. Na kama ni wa zamani, hakikisha kwamba programu yake bado inakubali kompyuta uliyo nayo.

Jambo la tano ni umeme. Usukani wenye mota huhitaji umeme wake mbali na ule wa kompyuta. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta: yaonyeshe kwamba inakubali volti 230 za kwetu. Nyingi zilizokuja na mitumba zilitengenezwa kwa nchi nyingine. Baadhi hukubali volti zote, na baadhi huungua siku ile ile. Usishangae pia ukiwasha usukani nao ukajizungusha wenyewe kushoto na kulia. Unatafuta katikati yake. Uuache umalize, na watoto waondoe mikono.

Sasa, ukikubaliana na muuzaji wa mtumba, nenda na kompyuta yako, kama ni ya kubebeka, na usilipe kabla ya kuujaribu. Uzungushe polepole mpaka mwisho wa pande zote mbili, ukisikiliza kama kuna jino la gia lililokatika. Ukiachia, gari likiwa linakwenda, duara lirudi bila kukwama. Fungua ukurasa wa kompyuta unaoonyesha mwendo wa kila pedali, kisha ukanyage polepole: mstari upande kwa utulivu, usirukeruke. Kagua waya pale unapoingia kwenye sanduku, na vibano vya meza, kwani vibano vikivunjika usukani hauna pa kusimama. Sisi tuliwakataa wauzaji wawili kwa kuwa hawakutaka tujaribu. Wa tatu alituruhusu, na usukani wake wa miaka mingi, wenye mota, nyuzi 900 na pedali mbili, ukatugharimu shilingi 180,000.

Shilingi 20,000 zilizobaki hazikurudi mfukoni. Meza yetu ilikuwa ya ubao mwembamba, ikacheza kama kitanda cha kamba kila kona. Basi seremala wa hapa kijijini alitutengenezea fremu ya mbao: mbele pana ubao mnene wa kubania usukani, chini pana kizuizi cha kuegemeza pedali zisikimbie, na kiti ni kile cha kulia chakula, kwa maana kiti chenye magurudumu hurudi nyuma ukikanyaga breki. Dukani vitu kama hivyo huuzwa kwa bei inayokaribia ya usukani wenyewe. Tusidharau mikono ya mafundi wetu.

Wala tusione ajabu vijana kupenda usukani. Kabla ya kompyuta, hapakuwa na mtoto katika miteremko hii ya Meru asiyekuwa na gari la waya. Alilikunja mwenyewe, akalitia magurudumu ya soli za kandambili, akaliwekea fimbo ndefu yenye usukani wa waya mwishoni, akalisukuma barabarani akilia kwa mdomo kama injini. Usukani ule ulikuwa ukigeuza magurudumu kweli kweli, na haukugharimu senti. Na wazee wetu waliyashuhudia mashindano yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally, na ambayo Joginder Singh wa Kenya aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Mashindano hayo yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, na barabara zake za vumbi zimo ndani ya gemu la WRC 9 la mwaka 2020. Kijana wa Akheri anaweza leo kuteleza katika vumbi la Kenya bila pasipoti.

Lakini magemu mapya yanahitaji kompyuta yenye nguvu, na hapo gharama nyingine hujificha. Kama kompyuta yako ni ya kazi za ofisi, lipo TORCS, ambalo ni la bure. Lipo Richard Burns Rally la mwaka 2004, ambalo hata mashine dhaifu hulimudu, nalo ni gumu kama barabara yenyewe. Na lipo Euro Truck Simulator 2 la mwaka 2012, la kuendesha malori ya mizigo. Hilo la mwisho ndilo lililompendeza mke wangu, kwa kuwa ndani yake asiyetii taa hutozwa faini, na aliyeharibu mzigo hukatwa malipo.

Je, yule kijana amejifunza nini? Juma la kwanza alinyanyuliwa kitini mara nyingi kuliko sisi sote. Dada yake, ambaye hakuwa na hamu na mchezo, ndiye aliyekaa muda mrefu, kwa sababu alipunguza mwendo kabla ya kona. Siku moja tulikuwa ndani ya daladala ikitoka Tengeru kuelekea Usa River. Barabara ya njia nne kutoka Sakina, yenye kilometa 14.1, inapokwisha pale Tengeru, magari hubanana tena, na dereva wetu akataka kulipita lori mbele ya kilima. Kijana akaukanyaga mguu wake wa kulia sakafuni bila kujijua. Kisha akapaza sauti kwa adabu: “Kaka dereva, tafadhali, tunasubiri.” Abiria wengine wakaitikia. Dereva akarudi nyuma ya lori.

Sisemi kwamba usukani wa gemu ndio uliomtia kijana akili hiyo, wala sisemi kwamba unatoa leseni. Ataanza na leseni ya kujifunzia atakapotimiza umri, na mwalimu atamfundisha yale ambayo hakuna mota iwezayo kuyafundisha: uzito wa gari la kweli, na uzito wa watu waliomo. Lakini ukikubali kununua, ununue kwa kiasi cha mfuko wako, utazame breki kwanza, ujaribu kabla ya kulipa, na uweke nyumbani mwako sheria ya kumnyanyua aliyegonga. Sheria hiyo haiuzwi dukani, nayo ndiyo iliyo bora kuliko chombo chote tulichokileta nyumbani.